Jina la Liyongo na Sauti Isiyo na Jina: Heshima na Haki katika Fasihi ya Tana

Katika uhakiki wa ushairi wa kale wa Kiswahili kuna neno moja ambalo twalitumia sote bila ya kulipima uzito wake, nalo ni kunasibisha. Twasema kwamba utungo fulani hunasibishwa na Fumo Liyongo, kisha aya moja baadaye tunalisahau neno hilo na kuandika "Liyongo anasema". Baina ya kauli hizo mbili pana hatua, na hatua hiyo si ya kihistoria peke yake. Ni ya kimaadili pia. Makala haya yanakusudia kuichunguza. Tunauliza: jina kubwa linapoazimwa ili kuupa hadhi utungo au mahali, gharama hulipwa na nani? Mifano yetu mikuu ni miwili, yote ya bonde la chini la Mto Tana nchini Kenya. Mmoja ni jina kubwa ambalo kazi zake hatuna hakika nazo. Wa pili ni kazi kubwa ambayo jina la mtungaji wake hatunalo kabisa.

Garsen yenyewe ni mji wa njiapanda. Barabara itokayo Malindi hugawika hapo, tawi moja likavuka mto kwenda Witu na Lamu, jingine likapanda kaskazini kuelekea Hola na Garissa. Msafiri wa kawaida hupita Garsen akiwa na jina la mahali pengine akilini mwake. Hata hivyo, katika eneo bunge hilohilo la Garsen, chini kabisa mto unapoingia baharini, ndipo palipo Kipini na Ozi, na huko ndiko mapokeo yanakosema kwamba Liyongo alizikwa. Wenyeji huonyesha kaburi lake. Palepale pwani kuna magofu ya miji ya kale, ikiwemo Shaka, ambayo mapokeo huihusisha na utawala wake, na Ungwana, ambayo James Kirkman aliichimba na kuiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966.

Tuanze na mto, kwa kuwa wenyewe una kisa cha majina. Ozi ulikuwa mto mdogo uliojitegemea, na Tana ulikuwa na mlango wake mwingine baharini. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, nao mfereji ukapanuka hadi maji mengi ya Tana yakahamia katika njia ya Ozi na kutokea Kipini. Leo ramani nyingi huandika Tana penye mlango huo. Njia ni ya Ozi, jina ni la Tana. Hatusemi kwamba mto umedhulumiwa, maana mto hauna haki ya jina. Twataja jambo hili kwa sababu lafanana mno na mambo tutakayoyaona katika tungo, ambako wenye haki ni watu.

Kuhusu Liyongo, wataalamu hawajaafikiana hata juu ya karne yake. Wako wanaomweka kabla ya karne ya 13, na wako wanaomshusha hadi karne ya 16 au ya 17. Hawajaafikiana juu ya dini yake, wala juu ya uhusiano wake hasa na watawala wa Pate. Hata neno fumo si jina la kuzaliwa. Ni cheo cha mtawala, na ni neno lililo pia na maana ya mkuki. Wanabahani waliohamia bara na kutawala Witu katika karne ya 19 walikitumia cheo hichohicho: Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba na kufariki mwaka 1889, kisha Fumo Bakari, ambaye mji wake ulichomwa na Waingereza mwaka 1890. Kwa hiyo tunapotamka "Fumo Liyongo" tunatamka jina ambalo nusu yake ni kiti, na kiti hukaliwa na wengi.

Kutojulikana huku hakukulipunguza jina. Kulilisha. Miji saba ya Ugiriki, kama ijulikanavyo, iligombania heshima ya kuwa mahali alipozaliwa Homer, na iliweza kugombana kwa sababu hapakuwa na cheti cha kuumaliza ugomvi. Liyongo naye anadaiwa na Pate, na Shaka, na Ozi. Waswahili wa visiwani wanamdai, na Wapokomo wa kando ya Tana nao wana masimulizi yao kumhusu. Kila dai ni namna ya kusema: nasi pia tulikuwapo, nasi pia tulikuwa na ukubwa. Kwa mji ambao leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mpunga, dai hilo si upuuzi. Huenda ndiyo mali pekee ya kihistoria iliyobaki ambayo haikuzama wala haikuchomwa. Ndiyo maana simuungi mkono mwanahistoria ajaye na karatasi zake kuwaambia watu wa Ozi kwamba kaburi lao halina ushahidi. Kaburi halidhulumu mtu. Laongeza heshima bila ya kuipunguza kwa mwingine.

Lakini je, utungo nao ni kama kaburi? Hapa ndipo suala linapokuwa gumu.

Nyimbo nyingi zinazonasibishwa na Liyongo ni za gungu na za vugo, yaani ni nyimbo za ngoma na za arusi. Ziliishi vinywani mwa waimbaji kwa vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa kwa hati za Kiarabu, na kila aliyeimba aliweza kuongeza ubeti, kubadili neno lililochakaa, au kuingiza jina la bwana arusi wa siku ile. Kusema kwamba zote ni za mtu mmoja ni kufuta kazi ya waimbaji hao wote, na wengi wao, kwa ngoma ya vugo hasa, walikuwa wanawake. Jina la Liyongo limewafunika jinsi mwamvuli unavyomfunika aliye chini yake: umemkinga na mvua, na umemficha uso. Sehemu zote mbili za mfano huu ni kweli. Lau si jina lile, pengine hakuna mwandishi wa Lamu ambaye angezitunza nyimbo hizo, wala Mzungu ambaye angezinunua. Jina ndilo lililoziokoa, na jina ndilo lililozinyang'anya wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni Takhmisi ya Liyongo, kwa kuwa humo hatuhitaji kukisia. Takhmisi ni bahari ambamo mshairi huchukua utungo wa mwenziwe wenye mistari miwili miwili, akautangulizia kila ubeti mistari mitatu yake mwenyewe, hata ukawa wa mistari mitano. Mistari miwili ya mwisho katika kila ubeti ndiyo inayosemwa kuwa ni ya Liyongo. Mitatu ya kwanza, kwa mujibu wa wataalamu wengi, ni ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yuleyule mtunzi wa Al-Inkishafi. Edward Steere aliutia utungo huo, pamoja na kisa cha Liyongo, katika Swahili Tales iliyochapwa London mwaka 1870. Tangu hapo umeitwa kwa jina la Liyongo.

Tupige hesabu. Katika kila mistari mitano, mitatu ni ya mtu ambaye tuna sababu nzuri ya kuamini kwamba aliishi, alikuwa na ukoo unaojulikana, na aliandika utungo ambao wengi wetu twauhesabu kuwa kilele cha ushairi wa kale wa Kiswahili. Miwili ni ya mtu ambaye hata karne yake hatuijui. Utungo ukaitwa kwa jina la mwenye miwili. Isitoshe, mistari mitatu ndiyo iliyobeba kazi ngumu, kwani ni lazima ielekee kwenye mawazo ya miwili iliyokwisha kuwapo, ifuate vina vyake, na imfikishe msomaji pale pasipo na mshono kuonekana. Ni kazi ya fundi anayejenga nyumba kuizunguka nguzo ya kale. Mhakiki anayesifu fahari ya nafsi iliyomo katika utungo huo na kuihesabu yote kuwa ni tabia ya Liyongo, anasifu kwa sehemu kubwa sauti ya Sayyid Abdallah akiigiza.

Pingamizi moja lazima ijibiwe hapa, maana ni ya haki. Yaweza kusemwa kwamba Sayyid Abdallah hakunyang'anywa kitu. Yeye mwenyewe alichagua bahari ya takhmisi, na takhmisi ni adabu: mshairi mdogo kwa umri huenda kwa mkubwa kama mgeni aendavyo kwa mwenyeji, akaingia kwa kubisha hodi. Katika jamii ile kutia kazi yako chini ya jina la aliyetangulia hakukuwa hasara. Kulikuwa ni kupokewa katika ukoo. Dhana ya hakimiliki ni ngeni, na kuwapima wazee wetu kwayo ni kuwavisha kofia isiyowaenea.

Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hiyo. Mtu anaweza kutoa jina lake sadaka, na sadaka haigeuki wizi kwa sababu aliyepokea ni tajiri. Lakini sadaka ni ya mtoaji. Haimpi mtu wa tatu ruhusa ya kusahau kwamba ilitolewa. Wasikilizaji wa Pate na Lamu walioisikia takhmisi walijua kanuni ya bahari hiyo; walijua kila walipofika mstari wa nne kwamba sauti imebadilika. Unyenyekevu wa Sayyid Abdallah ulikuwa na mashahidi. Kitabu kinapochapwa, kikasomwa na mwanafunzi wa Nairobi, wa Dar es Salaam au wa Chicago asiyeijua kanuni hiyo, mashahidi wale hawapo tena, na unyenyekevu ukageuka kupotea. Kosa basi si la mshairi wala la wasikilizaji wake. Ni la sisi tulioikuta heshima tukaifanya hati ya kumiliki.

Hadithi yenyewe ya Liyongo, kama ilivyo katika utendi wa mwaka 1913 unaohusishwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, ina tukio ambalo nadhani lasema jambo hili vizuri kuliko nadharia. Liyongo yumo gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini askari hukichukua kila kilicho kizuri. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, ndani yake akatia tupa. Askari wanaudharau mkate wa wishwa, wanamwachia mfungwa, naye anakata pingu zake huku kelele za gungu zikifunika sauti ya chuma. Askari wale walikuwa wahakiki wabaya. Waliupima mkate kwa sura yake.

Mwishoni, baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, shujaa anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale katika upinde, na kufa akiwa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali wakidhani yu hai. Hakuna athubutuye kuteka maji. Mji mzima unashikwa na kiu kwa kuiogopa sura ya maiti. Anayeendewa kutoa msaada ni mama, aje ambembeleze mwanawe kwa nyimbo ili hasira zake zitulie. Wengi wamelisoma tukio hili kama utukufu wa shujaa ambaye hata kifo hakimwangushi. Mimi naona pia upande wa wenye kiu. Jina kubwa limekaa kisimani, maji yapo, na watu hawanywi. Na tusisahau kwamba wimbo wa mwisho katika maisha ya Liyongo, mshairi mkuu, si wake. Ni wimbo wa mama wa kubembeleza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mfano wetu wa pili, ambao nao ni wimbo wa mama wa kubembeleza, tena wa mto uleule. Kenya ilipojitayarisha kwa uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, iliundwa kamati ya watu watano ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kamati haikutunga sauti mpya; iliichukua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, ikaipanga, ikaitilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Majina ya watano hao yamehifadhiwa, na kwa haki, kwani walifanya kazi nzuri. Magazeti ya Kenya yamewahi pia kumtaja mzee wa Kipokomo aliyehusishwa na kuuwasilisha wimbo huo. Lakini kuwasilisha si kutunga. Aliyeutunga, au waliouunda kidogo kidogo wakiwa na watoto mgongoni, kwenye mashamba ya kando ya Tana, wameingia katika historia kwa neno moja tu: Wapokomo.

Linganisha na takhmisi. Kule, aliyekuja baadaye aliongeza sehemu kubwa, na jina likaenda kwa wa kale. Huku, waliokuja baadaye waliongeza maneno na mpangilio, na jina likabaki kwao, wa kale wakapewa jina la kabila. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba desturi huwaheshimu wa kale daima, wala kwamba huwaheshimu wapya. Jina huelekea palipo na jina tayari. Liyongo alikuwa nalo, akaongezewa. Wanakamati walikuwa nalo kwa elimu na vyeo vyao, wakabaki nalo. Mama wa Kipokomo hakuwa nalo, na wimbo unaoimbwa leo shuleni na viwanjani na nchi nzima haukumpa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huutaja wimbo wa taifa katika Kifungu cha 9 na kuuweka katika Jedwali la Pili. Neno Pokomo halimo katika jedwali hilo.

Yafaa kuongeza, japo kwa ufupi, kwamba jina laweza kuutia mji sifa usiyoitaka. Kilomita kadhaa juu ya Garsen, katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Jina la Hola likajulikana hadi katika Bunge la Uingereza. Jina jingine la mahali hapo, Galole, lilitumika kwa mradi wa umwagiliaji na lingali jina la eneo bunge, lakini Hola ndilo lililobaki vinywani, na leo ndilo jina la makao makuu ya kaunti. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kuwataja watu wale 11? Jina la mahali limewabeba na kuwameza kwa pamoja. Na huku taasisi zetu zikitafuta majina ya kujipamba, orodha ya vyuo vikuu vya umma vya Kenya imewakumbuka wanasiasa na wapigania uhuru, jambo lisilo na ubaya, ila haina jina la mshairi wa Kiswahili hata mmoja, si Muyaka wala Sayyid Abdallah. Sina hakika kwamba ningelitaka liwemo. Jina likishapachikwa langoni, watu huona kwamba wameshamsoma mwenyewe.

Nadharia ya Magharibi ina msaada wake hapa, ingawa mdogo kuliko tunavyodhani. Michel Foucault, katika mhadhara wake wa mwaka 1969, alionyesha kwamba jina la mwandishi hufanya kazi katika matini: hukusanya, hutenga, hupa daraja. Hilo latufaa sana kwa Liyongo, ambaye kwetu ni kazi hiyo zaidi kuliko alivyo mtu. Lakini nadharia hiyo, na ile ya Roland Barthes ya kifo cha mwandishi, zilizuka mahali ambapo mwandishi alikuwa amekwisha kupewa kila kitu: jina, malipo, sanamu, barabara. Kumtangazia mama wa Tana kwamba mwandishi amefariki ni kumpelekea tanzia ya mtu ambaye hakuandikiwa hata kuzaliwa. Mhakiki wa Afrika Mashariki aliyerudia maneno hayo bila kuyapima alikuwa akimsaidia askari wa gereza kuchagua mikate.

Kuna waliotenda vizuri. Kundi la watafiti na washairi, wakiwemo Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir Juma Bhalo na Ahmed Sheikh Nabhany, walipozikusanya nyimbo hizi na kuzichapisha mwaka 2004, walitamka katika anwani yenyewe ya kitabu kwamba ni mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Neno hilo moja lilihitaji ujasiri, kwani kitabu cha mashairi "ya Liyongo" kingelinadiwa kwa urahisi zaidi. Wao hawakulivunja jina. Walilifungulia mlango, ili msomaji aone kwamba ndani mna watu wengi.

Ninachopendekeza kwa idara zetu ni jambo la kikazi tu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya nyimbo hizi asiruhusiwe kuhama kutoka "hunasibishwa" hadi "anasema" bila ya kueleza amehamaje. Takhmisi iorodheshwe chini ya jina la Sayyid Abdallah, la Liyongo likifuata, na mistari mitatu ichambuliwe mbali na miwili kabla ya kuchambuliwa pamoja. Hilo litatuonyesha mengi juu ya ufundi wake ambayo hadi sasa tumeyatia katika hesabu ya mwingine.

Kwa wimbo wa Wapokomo sina pendekezo jepesi namna hiyo. Tukiandika "wa jadi", tumesema kwamba haukutungwa na mtu. Tukiandika "Wapokomo", tumewapa watu wote kile ambacho baadhi yao walikifanya, na baadhi hao walikuwa wanawake ambao hata mapokeo yao wenyewe hayakuwataja. Tukiandika jina la mzee aliyeuwasilisha, tumerudia kosa la takhmisi. Katika orodha ya maktaba, penye nafasi ya mtunzi, karani lazima aandike kitu, na kwa sasa naona afadhali aandike "mama wa Tana, jina halikuhifadhiwa" kuliko kuiacha nafasi ile tupu.